MIZANI MOJA KWA WATU WA KALE

Bismillahi Rrahmani Rrahimi.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, masala inayoelezwa katika kurasa hizi ni hii: Muislamu ana deni gani kwa watu wa kale waliokufa nje ya dini yake, ikiwa elimu yao yamfaa kila siku? Na deni hilo likithubutu, je, ni la Wayunani na Warumi peke yao kwa kuwa waliacha vitabu, au ni la kila kaumu iliyoacha kheri duniani? Masala hii si ya wanazuoni tu. Ni ya kila mtu wa pwani apandaye bara kwa biashara, na mwisho wa maelezo msomaji ataona kwamba jawabu lake laonekana hata juu ya gunia la vitunguu.

KRETA NA BAKULI

Mtu wa pwani aendaye Karatu hutoka Arusha, akapita Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha gari hupanda ukuta wa Bonde la Ufa hata kufika kwenye ardhi nyekundu ya ngano na mahindi na mbaazi. Akiendelea mbele ya Karatu, njia huingia msituni na kupanda mpaka ukingo wa Ngorongoro. Hapo husimama akatazama chini yapata mita 600, akaona uwanda wa kilomita za mraba 260 hivi, umezungukwa na mlima pande zote, na ndani yake ziwa la magadi na wanyama wasio na idadi. Wenyeji na wageni hupaita mahali hapo kreta.

Neno hilo asili yake ni Kiyunani. Kwa Wayunani wa kale lilikuwa jina la bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji katika karamu zao, kisha wakalitumia kwa kinywa cha mlima wa moto kwa kuwa chafanana na bakuli. Kutoka kwao likaingia Kirumi, na kutoka Kirumi likaingia lugha za Ulaya, hata likafika Karatu. Kijana aongozaye wageni hulitamka mara kumi kwa siku, naye huenda hajapata kusikia khabari ya Yunani hata mara moja. Basi hivyo ndivyo mirathi ya watu wa kale ilivyo: hukaa kinywani mwa mtu asiyemjua aliyemwachia.

Walakini katika uwanda ule ule mna watu wa kale wengine. Mna makaburi yao, nayo ni marundo ya mawe yaliyopangwa juu ya wafu. Hans Reck, Mjerumani aliyefika Olduvai mwaka 1913, aliyafukua baadhi yake, na Mary Leakey akafukua mengine mwaka 1941. Mlionekana mabakuli yaliyochongwa kwa jiwe, na shanga. Waliozikwa humo walikuwa wafugaji, na wataalamu hukadiria kwamba waliishi miaka 2000 iliyopita, au zaidi. Maana yake ni kwamba zama zile Wayunani na Warumi walipokuwa wakijenga na kuandika, Ngorongoro nako palikuwa na watu wenye mifugo, wenye mapambo, wenye kuwasitiri wafu wao kwa heshima.

Basi Yunani palikuwa na bakuli, na Ngorongoro palikuwa na bakuli. La Yunani limebaki kuwa neno, na la Ngorongoro limebaki kuwa jiwe. Mtu asimamaye ukingoni hulitaja la kwanza bila kujua, na hupita karibu na la pili bila kuuliza. Je, mwenendo huu ni wa insafu?

MIRATHI ILIYOMO MKONONI

Watu wa pwani hujivunia ustaarabu, na neno lenyewe laonyesha lilikotoka, kwani kustaarabu ni kufuata mwendo wa Waarabu. Hilo si aibu. Walakini Waarabu nao walipokea kwa wengine, wala hawakuficha. Tarakimu za hesabu walizipokea kwa Wahindi, mambo mengi ya dola kwa Waajemi, na tiba na falaki na mantiki kwa Wayunani.

Alama za mapokezi hayo zimo katika Kiswahili cha kila siku. Kalamu ni kalamos ya Kiyunani, yaani unyasi wa kuandikia. Karatasi ni khartes. Kanuni ni kanon, nayo ilikuwa fimbo iliyonyoka ya kupimia kabla haijawa sheria. Ratili waliyopimia wazee ni litra ya Wayunani, na wakia ni uncia ya Warumi. Hata kilo, ambayo mwenye duka huiona ni ya jana, ni Kiyunani, na maana yake ni elfu.

Katika tiba mambo ni dhahiri zaidi. Mzee akiumwa na viungo wakati wa kipupwe, watu husema ana baridi yabisi. Wachache hujiuliza kwa nini ugonjwa uitwe kwa maneno mawili hayo. Asemaye hivyo anasema maneno ya Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus, tabibu aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 na akatibu wafalme wa Rumi. Yeye, akimfuata Hippocrates aliyemtangulia, alifundisha kwamba mwili una khilti nne, nazo ni damu, belghamu, safura na sauda. Na kila moja ina tabia zake, ya moto au baridi, ya yabisi au majimaji. Sauda ndiyo baridi yabisi. Matabibu wa leo wameiacha hesabu hiyo, lakini bibi wa Lamu na wa Unguja angali akikipima chakula kwa umoto wake na ubaridi wake, na belghamu ingali neno la kila nyumba.

Na katika dini yenyewe, nisabu ya zaka ya dhahabu ni dinari 20, na ya fedha ni dirhamu 200. Dinari asili yake ni denarius ya Warumi, na dirhamu ni drakhme ya Wayunani. Dhahabu ya Rumi, yenye sura za wafalme wao, ilitumika Makka na Madina zama za Mtume, na Waislamu wakaendelea kuitumia hata khalifa Abdulmalik bin Marwan alipopiga dinari za Kiislamu zisizo na sura mwaka 77 wa Hijra. Nguzo ya dini ilipimwa kwa kipimo kilichotengenezwa na washirikina, wala nguzo haikuanguka.

MWENDO WA WEMA WALIOTANGULIA

Katika habari za Mtume imepokewa kwamba alipotaka kumwandikia Herekali, mfalme wa Rumi, aliambiwa kuwa Warumi hawasomi barua isiyotiwa muhuri. Basi akafanya pete ya fedha yenye muhuri. Herekali huyo ndiye ambaye watu wa pwani wamjua kwa utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728. Na katika mwaka wa 5 wa Hijra, Madina ilipohujumiwa, Salman Alfarisi alitoa shauri la kuchimba handaki, nayo ilikuwa hila ya vita ya Waajemi waabudu moto. Handaki likachimbwa, na Mtume mwenyewe akabeba udongo. Hakuna aliyesema kwamba shimo hilo ni la kikafiri.

Wanazuoni nao walipojadiliana juu ya maneno ya Kurani yafananayo na maneno ya kigeni, kama kirtasi, wengine walikataa kabisa kuwa asili yake si ya Kiarabu, na wengine wakakubali. Abu Ubaid Alqasim bin Sallam akaleta kauli ya katikati, ambayo Suyuti ameipokea: asili ya maneno hayo ni ya kigeni, walakini Waarabu walikuwa wamekwisha yafanya yao kabla ya wahyi kuteremka, kwa hiyo yalipoteremka yalikuwa Kiarabu. Na izingatiwe kauli hii, kwani ndani yake mna hukumu ya mirathi yote. Kitu hakikosi kuwa cha mtu kwa sababu kimetoka kwa mwingine. Wala hakiachi kuwa kimetoka kwa mwingine kwa sababu kimekuwa chake.

Kisha wakaja makhalifa wa Baghdad. Zama za Maamun, aliyetawala tangu 813 hata 833, na za waliomfuata, vitabu vya Kiyunani vilitafutwa na kufasiriwa. Mkuu wa wafasiri alikuwa Hunain bin Is-haka, naye alikuwa Mnasara. Basi Mnasara alifasiri vitabu vya watu wa masanamu kwa mali ya Waislamu, na watu wa dini zote wakafaidika. Alkindi akasema waziwazi kwamba haki haimvunjii heshima aipokeaye, hata ikitoka kwa mataifa ya mbali.

Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba aliyekufa mwaka 1198, alilipa jambo hili mfano ambao kila mwenye kuchinja ataufahamu. Kisu kikiwa kikali na kimetimiza masharti, haiulizwi kama mwenye kisu ni wa dini hii au si wake. Mnyama ni halali. Basi na chombo cha akili ni vivyo hivyo.

UPOTOVU ULIOVAA HERUFI ZA KIARABU

Walakini si kila kilichotoka kwa watu wa kale ni kisu kizuri. Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, alizigawanya elimu za wanafalsafa. Akasema kwamba anayekataa hesabu ya kupatwa kwa jua na mwezi akidhani anaitetea dini, huyo aidhuru dini, kwa sababu watu wataona hesabu ni kweli kisha waidhanie dini kuwa ni ujinga. Na mambo mengine ya wanafalsafa akayapinga kwa nguvu. Yeye hakutazama jina la msemaji, alitazama neno.

Pwani imesahau nusu ya mwendo huo. Kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashar Alfalaki, aliyekufa mwaka 886, kimeenea mikononi mwa waganga. Mtu huhesabiwa herufi za jina lake na jina la mama yake, akaambiwa nyota yake ni Asadi au Akrabu au Mizani, kisha akaambiwa aoe lini, asafiri lini, na nani amemroga. Buruji 12 hizo ni za watu wa Babeli na Yunani, na miungu yao ilikaa katika nyota hizo hizo. Falaki ya kujua kibla na nyakati za sala ni elimu, na mabaharia waliifuata hata India na wakarudi salama. Lakini kumtabiria mtu riziki yake kwa nyota ni dhana ya wapagani, wala haikuwa dini kwa kuandikwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Hapa ndipo mizani ya watu wa pwani ilipopinda. Mpagani akija na kitabu cha herufi za Kiarabu, hupokewa pamoja na upotovu wake. Mpagani akija bila kitabu, hukataliwa pamoja na kheri yake.

WATU WA KARATU

Wengi wa wakazi wa Karatu ni Wairaqw, ambao watu wengi huwaita Wambulu. Lugha yao si ya Kibantu wala si ya Kimasai. Ni ya jamii ya Kikushi, na udugu wake wa mbali ni Kisomali na Kioromo. Wataalamu wengi huona kwamba wasemaji wa kwanza wa lugha za jamii hiyo ni miongoni mwa wafugaji wa zamani sana wa nyanda hizi. Nchi yao ya asili ni milima iliyo kusini, upande wa Mbulu, na kutoka huko walienea kwa wingi mpaka Karatu katika karne ya 20.

Huko milimani walijifunza jambo ambalo mataifa yenye vitabu yamelikosa mara nyingi: kulima mteremko vizazi na vizazi bila kuuangamiza. Walikata matuta na mifereji kukingama mlima ili mvua isichukue udongo. Ng'ombe wao walilala ndani ya nyumba za watu, na samadi yao ikapelekwa shambani, hata ardhi ndogo ikalisha watu wengi. Elimu hii haikuandikwa. Mtoto aliipokea kwa jembe, akimfuata baba yake.

Na si hao peke yao. Chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, upande wa mashariki, pana magofu ya Engaruka. Watu waliokaa huko tangu karne ya 15 hata ya 18 walijenga vijiji juu ya matuta ya mawe, wakayaongoza maji ya mito kwa mifereji mpaka mashamba ya kiasi cha kilomita za mraba 20, katika nchi kavu isiyo na mvua ya kutosha. Wadatoga nao, waliokaa katika kreta kabla ya Wamasai kuwaondosha katika karne ya 19, mzee wao mtukufu akifa humjengea tuta juu ya kaburi, na kazi hiyo huchukua miezi, ili jina lake lisipotee.

Atakayesema kwamba watu hawa walikuwa na itikadi zao, amesema kweli. Wairaqw wa kale walimwita Muumba Looa, nalo ndilo jina la jua. Na walizicha roho za majini waziitazo netlangw. Leo wengi wao ni Wakristo, na baadhi yao wangali na ya zamani. Muislamu hana ruhusa kuyafuata hayo. Lakini Wayunani nao walimwabudu Zeus na wakamchinjia, na Galen aliamini kwamba mungu wa tiba humjia ndotoni. Hakuna mtu wa pwani aliyekataa dawa yake kwa ajili hiyo. Na yule anayecheka netlangw ya Mwiraqw, kisha akatoa fedha kuandikiwa hirizi ya nyota, amecheka nini?

Basi ikiwa kipimo ni dini, Wayunani na watu wa Ngorongoro ni sawa. Ikiwa kipimo ni manufaa, wote wana manufaa. Imebaki tofauti moja tu, nayo ni wino. Wino ni neema kubwa, walakini wino haukumpa mtu utu, wala ukosefu wake haukumwondolea.

PINGAMIZI NA JAWABU LAKE

Huenda akatokea msemaji akasema: kuwashukuru wafu wa jahilia ni mlango wa kuwatukuza, na kuwatukuza ni mlango wa shirki. Tahadhari hii ni nzuri, lakini imewekwa mahali pasipo pake. Mtume alihudhuria agano la Fudhuli kabla ya utume, agano la washirikina wa Makka la kumsaidia aliyedhulumiwa, na baada ya utume akalisifu, na akasema kwamba lau angeitwa kwalo angeitika. Aliyesifiwa hapo hakuwa sanamu, ilisifiwa haki. Kukiri wema wa mtu si kumwabudu, kama vile kumlipa mkopeshaji si kumsujudia.

Huenda mwingine akasema: Wayunani ni watu wa mbali, hakuna wa kumlipa. Nalo ni kweli. Wafu hawapokei malipo ya mkono. Deni la waliokufa hulipwa kwa njia tatu: kukiri kwamba kitu kimetoka kwao, kukitunza kisipotee, na kuwafanyia insafu warithi wao walio hai. Kwa Wayunani mtu wa pwani amebakiwa na njia mbili za kwanza. Kwa watu wa Ngorongoro njia zote tatu ziko wazi, kwa sababu warithi wao wamesimama mbele yake sokoni.

KHATIMA

Karibu na Ziwa Eyasi, katika wilaya hiyo hiyo ya Karatu, kuna Mang'ola, nchi ya vitunguu vinavyonyweshwa kwa maji ya chemchemi. Wachuuzi hufika huko kutoka miji mingi, na wa pwani wamo. Mkulima huleta gunia, na mchuuzi hutaka lijazwe hata lipite kinywa chake, lishonwe kwa kamba na kuinuka kama nundu. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo ya Tanzania imeikataza, na kabla ya sheria hiyo Kurani imewaonya kwa ukali wapunjao kipimo, wale ambao wakipimiwa hutaka kitimie na wakipima hupunguza.

Mwenye kufanya hivyo akiulizwa, husema: hawa ni watu wa bara, hawajui kitu. Neno hilo ndilo linalomrahisishia mkono. Alianza kwa kumnyima mkulima wazee wake, akasema hawakuwa na elimu. Kisha akamnyima akili yake. Mwisho akamnyima kilo zake. Dharau ndiyo iliyotangulia, na wizi ukaifuata.

Na kilo anayoiba ni neno la Kiyunani, alilolipokea bure kutoka kwa watu asiowajua, ambao hawakuwa wa dini yake. Lau wema waliotangulia wangaliwapima Wayunani kama yeye anavyompima Mwiraqw, asingekuwa na kalamu ya kuandikia hesabu yake, wala karatasi, wala neno la kuita kipimo anachokipotosha.

Basi mwenye akili na asawazishe mizani yake. Lililo kweli alipokee, ijapokuwa limetoka kwa asiyejua kusoma. Lililo batili alikatae, ijapokuwa limeandikwa kwa hati nzuri ya Kiarabu. Na apitapo ukingoni Ngorongoro akatazama chini, ajue kwamba chini ya mawe yale wamelala watu waliokuwa na mabakuli yao, na mifugo yao, na wafu waliowalilia, zama zile zile za Yunani na Rumi. Na kwamba Mola wao na wake ni mmoja, naye ndiye mjuzi wa hesabu zao.

Wallahu aalam.